Ujuzi Uliofichwa Hauna Mrithi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Naona kuwa methali hiyo yamfaa hasa mwenye ujuzi anayeuhodhi, akidhani kwamba kuugawa ni kuupunguza. Historia ya karate ya Okinawa yashuhudia jambo hilo, nayo ni historia inayowahusu walimu kuliko wapiganaji.

Vijana wengi waijua karate kwa filamu tu: mateke ya hewani, ukelele mkali, na maadui kumi wanaoanguka kwa zamu. Ni nadra kumsikia mmoja wao akiuliza sanaa hiyo ilitoka wapi, au ni nani aliyeifikisha kwa umma.

Okinawa ndicho kisiwa kikuu cha uliokuwa ufalme wa Ryukyu, ambao Japani iliufuta mwaka 1879. Katika mji wa Shuri aliishi Sokon Matsumura, mlinzi wa wafalme na bingwa wa sanaa iliyoitwa “te”, yaani mkono, ambayo ilichanganya mbinu za wenyeji na za Uchina. Ilifundishwa faraghani, kwa wateule wachache. Mmoja wa wateule hao alikuwa Anko Itosu, aliyezaliwa mwaka 1831 na kuwa karani katika serikali ya mfalme.

Mwaka 1901, akiwa mkongwe wa miaka 70 hivi, Itosu aliifungua siri hiyo. Aliiingiza sanaa yake katika shule ya msingi mjini Shuri, na baadaye katika shule ya sekondari na chuo cha ualimu. Mwaka 1908 aliiandikia serikali waraka wenye nguzo kumi, akapendekeza kwamba walimu wafunzwe karate chuoni, kisha waipeleke katika shule za msingi. Miaka kumi ingetosha kuieneza kote. Tazama busara ya mzee huyo! Alijua kwamba njia ya kulifikia taifa hupitia kwa mwalimu.

Isitoshe, alitunga mifululizo mitano ya mapigo na kinga iitwayo Pinan, neno lenye maana ya amani na utulivu, ili mwanafunzi apande ngazi kidogo kidogo. Kila mwalimu aliyewahi kuandaa somo atalitambua jambo hilo.

Wako waliomlaumu, na hata leo wapo. Wanasema alilitia tembo maji: watoto walijifunza mienendo bila maana yake, na mbinu za hatari zikaachwa nje ya darasa. Lawama hiyo haikosi msingi. Tena kuna doa jingine. Waraka wake uliisifu karate kwa manufaa yake jeshini, na mwaka 1945 wanafunzi wa chuo kile cha ualimu na wa sekondari ile waliingizwa vitani, wengi wao wasirudi. Mwalimu afunguaye mlango hana budi kujiuliza ni nani atakayeingia baadaye, na kwa nia gani.

Hata hivyo, vita hivyo ndivyo vinavyonifanya nisimame upande wa Itosu. Takriban robo ya wakazi wa Okinawa waliangamia, na ngome ya Shuri ikawa kifusi. Lau sanaa hiyo ingalibaki vifuani mwa wazee wachache, sehemu yake kubwa ingalizikwa pamoja nao. Lakini Itosu, aliyefariki mwaka 1915, alikuwa ameacha warithi wengi. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule, aliipeleka Tokyo mwaka 1922. Kenwa Mabuni aliifundisha Osaka. Choshin Chibana, aliyeuita mtindo wake Shorin-ryu, alinusurika vita akaendelea kufundisha Okinawa hadi alipofariki mwaka 1969.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi autazame mtindo uitwao Ryuei-ryu. Huo ulifungiwa ndani ya ukoo mmoja, wa Nakaima, kwa vizazi kadhaa, hadi Kenko Nakaima alipoamua katika miaka ya 1970 kuwafundisha watu wa nje. Mwanafunzi wake, Tsuguo Sakumoto, alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu katika miaka ya 1980. Sakumoto naye alimfunza Ryo Kiyuna, ambaye mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, alitwaa dhahabu. Siri ya ukoo mmoja ikawa fahari ya kisiwa kizima.

Enyi walimu, tusiwapime mabingwa kwa idadi ya watu waliowaangusha, bali kwa idadi ya waliowainua. Nanyi wanafunzi, mkipewa sehemu ndogo tu ya elimu, msiidharau wala msitosheke nayo. Tafuteni maana ambayo muda wa darasa haukuruhusu. Mlango aliofungua Itosu ulikuwa mwanzo wa safari tu, na aliyeishia mlangoni asimlaumu mwenye nyumba.