Mtafiti Mbele ya Hadhira

Kuna jambo katika semina zetu za uzamili na uzamivu ambalo nimeshindwa kulizoea. Mwanafunzi aliyekaa miezi kadhaa vijijini akirekodi ngano, na ajuaye vema kwamba fanani hupata nguvu kutokana na hadhira yake, husimama mbele yetu, akainamisha uso na kusoma kurasa ishirini kwa sauti isiyovuka safu ya pili ya viti. Akiulizwa swali, hurudi karatasini kutafuta jibu ambalo, kwa hakika, analo kichwani.

Aghalabu husemwa kwamba mwanafunzi huyo ni mwoga. Kwa maoni yangu, woga huo tumemfundisha sisi. Tunamsahihishia maandishi hadi nukta na mkato, ilhali kusema tunamwachia siku ya kutetea tasnifu. Semina yenyewe tumeigeuza mahakama: wahadhiri huanza kuuliza, tena kuhusu tahajia, na wanafunzi wenzake hunyamaza.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha shindano ambamo mtahiniwa wa uzamivu hueleza utafiti wake kwa dakika tatu, kwa slaidi moja tu, mbele ya wasikilizaji wasio wa fani yake. Mashindano yana ila zake, na sioni haja ya kuyaiga. Hata hivyo, mbele ya hadhira ya namna hiyo mtu hawezi kujificha nyuma ya istilahi. Nasi tuna mfano wa karibu zaidi. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizipa umaarufu, ziliwapandisha watoto wa shule jukwaani wakajibizana bila karatasi. Hawakuwa mashujaa, walikuwa wamefanya mazoezi pamoja, na kila mmoja alijua kuna mwenzake anayemsubiri.

Napendekeza, basi, kila juma mwanafunzi mmoja aseme kwa dakika tano bila kusoma, wenzake waulize kwanza, na msimamizi wake anyamaze hadi mwisho (hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote). Mara mojamoja waalikwe walimu wa sekondari, au hata wale mafanani waliorekodiwa, wasikie yanayosemwa juu yao. Watakaodai kwamba ratiba imejaa wakumbuke saa tunazotumia kusomewa kurasa ambazo tumekwisha kugawiwa.