Picha za Nyumbani na Hongo ya Njiani

Msafara uliotoka Bagamoyo kuja Tabora katika karne ya 19 ulitembea kwa miezi, na watawala wengi wa nchi ulizozipita waliutoza hongo. Neno hilo leo lina harufu mbaya, lakini siku zile lilikuwa ada ya kupita, nayo ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya. Ugogoni ndiko ilikokuwa nzito, kwa kuwa nchi ni kavu na wenye visima ndio waliokuwa na kauli. Nguo iliyopendwa zaidi iliitwa merikani, kwa sababu ilifumwa Marekani, ikavuka bahari mbili hadi Unguja, kisha ikachukuliwa begani na mpagazi wa Kinyamwezi. Ilipofunguliwa Unyanyembe bei yake ilikuwa imepanda mara kadhaa, na si mpagazi wala mnunuzi aliyekuwa na sauti katika kuipanga.

Leo shehena inayopita njia hiyo haina uzito. Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na Serikali ikaanza mwaka huohuo kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, filamu iliyotengenezwa Los Angeles, Istanbul au Lagos yaweza kufika Isevya au Ng'ambo kabla chai haijapoa. Miongoni mwa shehena hiyo zimo huduma zinazojitangaza kuwa ni za familia: lipa ada kila mwezi, nawe utaletewa picha ambazo baba, mama, mtoto na bibi wanaweza kuzitazama pamoja bila mmoja wao kuinamisha uso. Ahadi hiyo ni njema na haja yake ipo. Lakini ukurasa huu unaona kwamba maana ya neno familia katika matangazo hayo imefinywa mno. Tatizo la nyumba za mkoa huu si picha chafu peke yake. Picha zilizo safi, zinazosema na mtoto wa Tabora kwa lugha yake na juu ya mambo yake, ni chache. Na hizo chache zinakwama njiani kwa sababu ya hongo.

Tuanze na kazi ya kuchuja, maana ndiyo inayosifiwa zaidi. Huko Marekani, katika jimbo la Utah, ilianzishwa huduma iitwayo VidAngel iliyowawezesha wazazi kuruka matusi, uchi na umwagaji damu katika filamu za makampuni makubwa. Wateja waliipenda. Mwaka 2016 Disney, Warner Bros. na wenzao wakaishtaki kwa kutumia mali yao bila idhini, na mwaka 2019 ikaamriwa kulipa dola milioni 62.4, deni lililopunguzwa baadaye kwa mapatano. Mwaka 2021 kampuni hiyo iliiuza kazi ya kuchuja, ikajiita Angel Studios, ikashika kazi ya kusambaza filamu na vipindi vipya. Hatuna nia ya kuwapigia debe watu hao. Lakini mkasa wao unaonyesha kwamba mwenye chujio hutegemea chungu cha mwingine, na mwenye chungu akikiondoa jikoni, chujio hubaki mkononi.

Sisi wenyewe tulikuwa na chujio letu, tena la ajabu. Nani asiyelikumbuka banda la video? Kuanzia miaka ya 1990, mbao chache, turubai, televisheni moja na deki vilitosha kulijaza vijana, na watoto waliotumwa dukani walipotea humo mpaka jioni. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki. Hata hivyo filamu ya Hong Kong au ya Marekani haikuachwa iseme peke yake. Walikuwapo wafasiri, na mashuhuri kati yao alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambao waliingiza sauti zao juu ya picha, wakaeleza, wakatania, wakawapa wahusika majina ya kwetu. Kazi hiyo haikuwa tafsiri tu. Mtu aliyeketi bandani alijiona anasimuliwa hadithi na mtu wa mtaani kwake. Wataalamu wa sheria za hakimiliki watanuna, na wana sababu. Lakini anayetaka kujua familia zetu zinatafuta nini katika picha na aanzie hapo.

Wachina walilitambua jambo hilo mapema kuliko wengi. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, habari za mke kijana Mao Doudou na mama wakwe zake. Hapakuwa na bunduki wala jini ndani yake. Palikuwa na jiko, mtoto mchanga, na mabibi wawili wasioafikiana jinsi ya kumlea. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliitaja kwa jina. Baadaye tamthilia za Kituruki nazo zikaja zikisema Kiswahili katika king'amuzi cha Azam, na mpaka leo kuna nyumba ambazo chakula cha usiku hupakuliwa kwa kufuata saa ya tamthilia. Basi asituambie mtu kwamba watazamaji wetu hawataki ila vita na mapenzi ya uchi. Waliletewa ugomvi wa mkwe na mkaza mwana, wakakaa kitako kuusikiliza.

Hata hivyo, merikani iliyopakwa rangi ya kwetu bado ni merikani. Ufipa, kusini-magharibi mwa njia hii, walikuwako wafumaji wa nguo za pamba kabla ya misafara kushamiri. Nguo za kigeni zilipozidi, na baada yake kodi na kazi za kikoloni, ufumaji huo ulididimia mpaka ukawa habari ya vitabuni. Katika picha nasi tulikaribia kufika huko. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 ili taifa lijitengenezee filamu, lakini ilitoa chache, na sehemu kubwa ya shughuli zake ikawa kugawa filamu za kigeni katika majumba ya sinema. Kwa upande wa watoto, kizazi cha wakati huo kililelewa na sauti badala ya picha: kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilizikusanya nyumba nzima kuzunguka redio moja, na wapo watu wazima leo wanaoweza kukusimulia hadithi walizozisikia humo bila kuruka neno.

Picha za watoto zilizotengenezwa hapa zilipata nguvu mwaka 2014, pale vikaragosi vya Ubongo Kids, kazi ya asasi ya Dar es Salaam, vilipoanza kurushwa na TBC vikifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na visa. Baada yake akaja Akili, mtoto wa kike wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa ajili ya wale wasiojua kusoma bado. Sifa ya kazi hiyo, kwa maoni yetu, si uzuri wa michoro. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji, Stanley hakurudi pwani. Alizunguka kusini akafika. Watengenezaji wa Ubongo nao hawakungoja kila nyumba iwe na intaneti. Walipitia televisheni ya bure, wakapitia redio, wakaweka kazi zao YouTube, na mtoto aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi katika simu ya kitochi ya mama yake. Leo kazi hizo zinaonyeshwa katika nchi nyingi za Afrika, kwa lugha kadhaa. Lakini asasi hiyo inaendeshwa kwa sehemu kubwa kwa misaada ya wafadhili, na mfadhili naye ana mambo yake.

Sasa tuje kwenye hongo yenyewe. Mwezi Aprili 2021 Mamlaka ya Mawasiliano iliweka mipaka ya bei ya vifurushi, yaani bando, kuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Netflix wenyewe hukadiria kwamba saa moja ya picha ya ubora wa kawaida hula takriban GB 1. Kwa hesabu hiyo, nyumba iliyotazama saa moja tu kila jioni ingelipa, hata kwa bei ya chini kabisa ya mwaka ule, zaidi ya shilingi 60,000 kwa mwezi, na ada ya huduma yenyewe haijaguswa. Ni kweli kwamba kioo kidogo cha simu kinaweza kuonyesha picha hafifu na kuokoa kiasi. Lakini hapo ndipo familia inapovunjika vipande. Simu ni ya mtu mmoja. Bando ni la mtu mmoja. Anayelishika ni mara nyingi baba au kijana mkubwa, na bibi aliyeketi mkekani husikia kicheko bila kujua kinachochekwa. Huduma inayojiita ya familia na kuonekana katika kioo cha upana wa kiganja ina jambo la kujibu.

Liko na suala la kalenda. Mkoa wa Tabora ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni 3.3, na wengi wao ni wakulima. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua hapati mshahara wa mwisho wa mwezi. Hupata fedha wakati wa masoko, kisha hulipa madeni ya pembejeo, kisha huvuta kamba mpaka msimu mwingine. Mrina asali wa Sikonge naye ana miezi yake. Ada ya kila mwezi imebuniwa kwa ajili ya watu wa mishahara. Kama wenye huduma hizi wangekaa chini ya mwembe mmoja huku kwetu kwa siku mbili, wangeondoka na malipo ya msimu, ya wiki, hata ya jioni moja, kama banda la video lilivyotoza kwa kila filamu.

Wako watakaosema tungoje, makampuni makubwa yatashusha bei yenyewe. Jirani zetu wa Kenya walingoja. Mwezi Septemba 2021 Netflix ilifungua huko mpango wa kutazama bure kwa simu, na mwezi Novemba 2023 ikaufunga. Hatuwalaumu, ni wafanyabiashara, nao walikuwa wakipima soko. Lakini mtoto wa Nairobi aliyezoea kipindi chake hakuwamo katika kikao kilichokata shauri hilo, wala serikali yake haikuwamo.

Watengenezaji wa hapa nao wasiongezewe mzigo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye kutoa maudhui alipe jumla ya zaidi ya shilingi milioni 2 ili apate leseni. Kanuni hizo zilirekebishwa mwaka 2020 na tena mwaka 2022, jambo ambalo lilistahili. Usimamizi ni wa lazima, na Bodi ya Filamu ina kazi yake halali tangu sheria ya mwaka 1976. Tunachosema ni kwamba mwalimu wa Nzega mwenye kamera ndogo na hadithi ya Sungura na Fisi asitazamwe kwa jicho lilelile analotazamwa mwenye kuuza picha za aibu.

Na hadithi hapa si haba. Mwaka 1893 mtemi Isike alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kushikwa na Wajerumani. Tembe la Kwihara alimokaa Livingstone bado lipo. Wayeye wanacheza na nyoka. Wapo pia wale wapagazi, maelfu kwa maelfu, walioimba njia nzima hadi pwani na kurudi, na ambao hakuna mtoto wa shule aliyepata kuwaona katika kikaragosi hata kimoja kinachomfikia nyumbani kwake kwa bei anayoiweza.

Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao huchangiwa na makampuni ya mawasiliano na kusaidia kujenga minara katika vijiji ambavyo biashara peke yake isingevifikia. Mnara umefika, kinachopita juu yake bado ni ghali. Tunashauri sehemu ya mfuko huo, hata iwe ndogo, ilipie gharama ya data kwa vipindi vya watoto vilivyotengenezwa nchini kwa Kiswahili na kupitishwa na Bodi, ili mzazi avifungue bila kukatwa bando. Na TBC ipewe fungu la kununua vipindi hivyo kwa haki ya kuvirudia kila mara, badala ya kuvikodi kwa msimu. Iwapo sheria inahitaji kurekebishwa, na irekebishwe. Bunge la bajeti huanza mwezi Aprili kila mwaka pale Dodoma, na wabunge wa Tabora, kutoka Igunga hadi Kaliua, wanaweza kuliuliza swali hili kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano katika kikao kijacho.