Mkimbizi na Flaiwili: Eti Haituhusu?

Jamani, hili limenikaa rohoni muda mrefu. Leo naliandika, atakayekasirika na akasirike.

Nafanya kazi kwenye gereji moja hapa Mbarara. Kuna mteja alileta Subaru yake ya gia za mkono, anataka flaiwili nyepesi kama ya magari ya rally. Flaiwili ni ile sahani nzito nyuma ya injini ambayo klachi inakamatia. Kusikia bei ya ile ya aluminiamu, akashtuka. Bosi akasema, "Toeni hii ya chuma, mpelekeeni mkerezaji aipunguze." Nikakataa. Siku hiyo nililala mfuko mtupu.

Kwa nini nilikataa? Flaiwili nyingi za kawaida ni za chuma cha kumimina. Ni kigumu, lakini kikizidiwa kinavunjika bila kupinda kwanza. Injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika, sahani hiyo inazunguka zaidi ya mara 116 kwa sekunde moja. Imekerezwa ovyo, ikapasuka, vipande vinatoka kama risasi, tena karibu na miguu ya dereva. Risasi tumezikimbia kwetu, leo nizitengeneze gereji?

Ya aluminiamu iliyotengenezwa vizuri ni kitu kingine. Pale klachi inaposugua pamewekwa bamba la chuma, maana aluminiamu peke yake ingelika haraka. Kuifunga nako kuna masharti: bolti zinazofaa, spana ya torki, uso safi usio na grisi. Na tusidanganyane, vijana: haiongezi nguvu ya injini. Inaifanya tu ipande na kushuka mizunguko haraka. Hasara yake, injini inazimika kirahisi unapoondoka. Kwenye mashindano, sawa. Lakini taxi iliyojaa watu na matoke kwenye mlima wa Isingiro, uzito ule ule ndio unaoisaidia kuondoka.

Haya yote sikuyapata kwenye kozi. Ile kozi yetu ya miezi mitatu kambini ilitufundisha kufungua na kufunga, basi. Nilipouliza kwa nini flaiwili inafanywa nzito, nikajibiwa, "Hiyo haiko kwenye mpango. Mkimbizi ana kazi gani na magari ya mbio?"

Ndugu zetu wa mashirika, nawajibu kwa heshima. Najua hela ni kidogo na foleni ni ndefu. Lakini kufundisha sababu hakutaki bajeti mpya, kunataka chaki na nusu saa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na gari likiingia gereji halimuulizi fundi ana kadi gani. Mnahesabu vyeti mlivyogawa. Nani anahesabu mafundi wasiojua hatari ya kile walichoshika mkononi?

Anayejua kufungua bolti tu atamtii kila bosi. Anayejua sababu anaweza kusema hapana, na hapana hiyo inaokoa mtu.

Kwa hiyo tufundisheni sababu. Na nyie vijana wenzangu, msiridhike na cheti cha kubandika ukutani. Ulizeni mpaka mwalimu achoke, halafu kesho mmuulize tena.