Barua ya msomi wa saikolojia isiandikwe kwa mazoea

KILA dirisha la maombi ya ufadhili wa masomo linapofunguliwa, vibanda vya kuchapa na kutoa nakala hapa Hai Amarat hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Wanatafuta barua ya mdhamini. Wengi huipata kabla ya adhuhuri, kwa sababu barua yenyewe ilikwisha kuandikwa siku nyingi. Ipo kwenye kompyuta, na kinachobadilishwa ni jina la mwombaji na jina la chuo. Mwombaji ni mchapakazi, ni mwaminifu, ana nidhamu, anashirikiana vema na wenzake. Mkubwa anatia saini, muhuri unagongwa, mambo yamekwisha.

Kwa anayekwenda kusomea uhasibu, barua ya namna hiyo haina madhara makubwa, maana hesabu za Kampala na za London ni zile zile. Lakini kwa msomi wa saikolojia anayeomba kwenda nje kufanya utafiti wa kulinganisha tamaduni, barua hiyo ni hasara. Hasara hiyo mwisho wake inamfikia hata mama anayeuza unga sokoni Konyokonyo, na dereva anayelala Nimule akisubiri lori lake likaguliwe.

Tujieleze. Mnamo Novemba 2007, miaka miwili na ushei baada ya Mkataba wa Amani wa 2005, watafiti wakiongozwa na Bayard Roberts wa Chuo cha Afya na Tiba za Tropiki cha London waliwahoji watu wazima 1,242 katika mji huu wa Juba. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kuwa asilimia 36 ya waliohojiwa walikuwa na dalili za kiwewe kilichotokana na mambo waliyopitia, na asilimia 50 walikuwa na dalili za sonona. Yaani nusu ya mji. Na hiyo ilikuwa kabla ya Desemba 2013, kabla ya Julai 2016.

Hatuwalaumu watafiti hao hata kidogo. Kazi yao ndiyo iliyotupa tarakimu ya kuweka mezani mbele ya wafadhili. Ila fomu waliyoitumia kupima kiwewe ilitungwa Boston na kundi la Dk. Richard Mollica, kwa ajili ya wakimbizi wa Kambodia, Laos na Vietnam, ikatangazwa mwaka 1992. Tangu hapo imezunguka dunia, ikitafsiriwa kila inapofika. Swali ni nini kinachodondoka njiani kabla fomu hiyo haijafika Gudele au Munuki.

Jibu limekwisha kuonekana kwa sehemu. Mwaka 2013 daktari Mholanzi Peter Ventevogel na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Burundi, mashariki ya Kongo na hapa kwetu, Yei na Kuajok. Badala ya kuanza na fomu, walianza kwa kuwauliza wananchi wenyewe wana majina gani kwa maradhi ya akili na ya moyo. Wakakwa wa Yei walitaja yeyeesi, hali ya kuwa na mawazo mengi. Wadinka wa Kuajok walitaja nger yec, yaani tumbo kubana. Maneno hayo hayalingani moja kwa moja na sonona ya vitabuni wala na kiwewe cha vitabuni. Yana mipaka yake, na yana namna zake za kusaidiwa, ambazo mara nyingi huanzia nyumbani na kwa majirani badala ya hospitali.

Sasa mfikirie mfanyabiashara wa Kaya ambaye tangu avuke mpaka mwaka 2016 halali usiku na tumbo linambana. Akienda zahanati anasema tumbo. Atapewa dawa ya tumbo, na isiposaidia atapimwa malaria. Hajadanganya, na mganga naye hajakosea kwa alichoambiwa. Kilichokosekana ni mtu aliyesomea elimu ya nafsi na ambaye pia anajua kwamba tumbo la Kuajok wakati mwingine si tumbo.

Sisi tuliosomeshwa Uganda na Kenya tukiwa wakimbizi tunalijua tatizo hili kutoka upande wa pili wa meza. Tumehojiwa mara nyingi, tena kwa lugha ya tatu. Mzee anaeleza kwa dakika kumi jinsi ng'ombe walivyokwenda, nani alizikwa na nani hakuzikwa, kisha kijana aliyekodishwa kutafsiri anamgeukia mgeni na kusema: anasema ana huzuni. Kalamu inaweka alama kwenye kisanduku. Tuliokuwa tumekaa pembeni tulitazamana tu.

Afrika Mashariki ina mfano wa zamani wa jambo hili, na wasomaji waliopitia Kampala wataufurahia. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika huko akifuatana na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Akaanza kutembelea familia 26 za Buganda, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao, wanavyolia anapoondoka na wanavyomkimbilia anaporudi. Alisaidiwa na mkalimani. Kutokana na kazi ile, na nyingine aliyoifanya baadaye Baltimore, Marekani, kikazaliwa kipimo kinachofundishwa leo katika kila chuo cha saikolojia duniani. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Mwanafunzi wa Juba leo anasoma habari za watoto wa jirani yake katika vitabu vilivyochapwa ng'ambo, kwa bei ya ng'ambo. Ainsworth alifanya kazi ya heshima. Lakini alivuka kutoka Buganda hadi Baltimore akilinganisha mama na mama, na safari ya namna hiyo ndiyo tunayotaka wasomi wetu nao waifanye, kwa macho yao.

Kwamba inawezekana, Wakenya walikwisha kuonyesha. Mwaka 2001 kundi la Elena Grigorenko na Robert Sternberg, waliokuwa Chuo Kikuu cha Yale, lilichapisha utafiti kuhusu maana ya akili kwa Wajaluo. Miongoni mwa waandishi alikuwamo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Walikuta kwamba wanakijiji hawana akili moja, wana maneno manne: rieko, luoro, winjo na paro. Rieko ni ujuzi na maarifa, na Mwacholi wa Magwi anayesoma hapa ameitambua ryeko yake. Luoro ni heshima, adabu na kuwajali wengine. Winjo ni kusikia na kuelewa jinsi mambo yanavyokwenda. Paro ni kufikiri na kuanzisha jambo. Mtihani wa shule unapima zaidi rieko, hayo mengine unayaacha mlangoni. Walimu mliokaa na watoto wa makambini mnajua wangapi walifeli karatasi huku wakilea wadogo zao wanne.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye ile barua. Mdhamini wa msomi wa saikolojia anapaswa kutoa ushahidi wa mambo ambayo hayamo kwenye cheti. Mwombaji anasema lugha zipi, na anazisema na nani? Kujua Kidinka cha mezani ni jambo moja, kukaa na wajane wa Bor wakakuzoea ni jambo lingine. Je, amewahi kuuliza swali likamshinda mtu kujibu, akalibadilisha? Amewahi kurudi kwa watu aliowahoji kuwaeleza alichokipata? Anaweza kunyamaza? Tunasema hili bila utani, maana mtafiti wa nafsi asiyeweza kunyamaza ni kama mvuvi anayepiga ngoma. Barua yenye mfano mmoja wa kweli wa aina hiyo, hata kama Kiingereza chake kinachechemea, ina thamani kuliko kurasa mbili za sifa.

Na tuseme wazi nani hatumpendekezi. Hatumpendekezi mtoto wa mkubwa ambaye jina lake limetangulia kabla ya maombi yake. Katika fani nyingine upendeleo huleta daraja bovu au hesabu mbovu, na watu wataliona. Katika fani hii huleta tarakimu mbovu kuhusu maumivu ya watu, na hakuna atakayeziona. Zitachapishwa, zitanukuliwa, na mipango ya miaka kumi itajengwa juu yake.

Tunayempendekeza ni yule aliyeishi pande mbili au tatu. Nchi hii inao wengi: waliozaliwa Yei, wakasoma Arua, wakafundisha Kakuma, wakarudi. Kwa miaka mingi vyeti vyao vya nchi tofauti vimehesabiwa kuwa kasoro, wakizungushwa ofisi hadi ofisi kutafuta ulinganisho. Kwa utafiti wa kulinganisha tamaduni, huko kuzunguka ni sifa.

Mada yenyewe inamsubiri. Familia moja ya Sudan Kusini leo ina kaka Juba, dada kambini Rhino na binamu Omaha au Melbourne. Mwaka 2005 Paul Geltman na wenzake waliripoti kwamba kati ya vijana wetu 304 waliopelekwa Marekani bila wazazi, asilimia 20 walikuwa na kiwewe. Mwaka 2006 Robert Schweitzer na wenzake waliwachunguza Wasudani 63 waliohamia Australia, wakaona kuwa msaada wa jamaa na wa jumuiya ya kwao ulikuwa na uzito mkubwa katika afya zao. Juba, kama tulivyosema, ilikuwa asilimia 36. Tarakimu hizo haziwezi kupandishwa kwenye mizani moja, kwa kuwa waliopimwa walikuwa watu tofauti, wa umri tofauti, na waliulizwa kwa namna tofauti. Hakuna wa kuzipatanisha isipokuwa mtafiti anayeweza kukaa na hao ndugu wote watatu na kumwelewa kila mmoja anapotania, maana binamu wa Omaha hatamwambia mgeni anachomwambia mtu wa kwao.

Tiba nayo imo humo. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, Frank Neuner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwatibu wakimbizi 43 wa Sudan kwa kuwasaidia kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, tangu utoto, wakipita pale palipouma bila kuparuka. Taarifa yao ya mwaka 2004 ilisema kwamba baada ya mwaka mmoja, ni asilimia 29 tu ya waliosimulia ambao bado walikuwa na kiwewe, dhidi ya kama asilimia 80 ya waliopata ushauri wa kawaida au mafunzo tu. Miaka minne baadaye, Nakivale, kundi hilo lilionyesha kwamba wakimbizi wenyewe, wakifundishwa kwa wiki chache, wanaweza kuitoa tiba hiyo. Watu wetu walikuwa wagonjwa katika utafiti wa Imvepi. Tunataka safari ijayo wawe miongoni mwa wanaoupanga.

Wapo watakaosema: akienda hatarudi. Ni hoja nzito. Shirika la Amnesty International liliripoti mwaka 2016 kuwa nchi nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili waliokuwa kazini, na kwamba Hospitali ya Kufundishia ya Juba ilikuwa na vitanda 12 tu vya wagonjwa hao. Wengine walikuwa wakihifadhiwa gerezani bila kosa. Katika uhaba huo, kumtoa hata mmoja kunauma. Lakini mwaka 2024 watumishi wa umma, wahadhiri wakiwamo, walikaa miezi mingi bila mshahara. Huwezi kumlaani mtu kwa kutorudi kwenye meza isiyolipwa. Barua ya kumpendekeza iende pamoja na barua ya kumtunzia nafasi yake Chuo Kikuu cha Juba, yenye tarehe na saini ya anayewajibika.

Kuhusu pa kumpeleka, tuwe macho. Aprili 2025 Marekani ilitangaza kufuta viza za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola hautuhusu, kwa kuwa hatumo katika jumuiya hiyo. Basi wadhamini wasiwapotezee vijana mwaka mzima wakibisha mlango mmoja. Ujerumani na Australia zina vyuo vilivyokwisha kufanya kazi na watu wetu. Na tangu tulipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zimekuwa nje iliyo karibu, ambako msomi anaweza kulinganisha Wakakwa wa Koboko na Wakakwa wa Yei kwa nauli ya basi.

Tunaiomba Wizara ya Elimu ya Juu na vyuo vyetu wafanye mambo mawili msimu huu. Kwanza, kila anayependekezwa kwa utafiti wa watu wetu aandikiwe na mdhamini mmoja kutoka nje ya chuo anayemfahamu kazini: mwalimu wa kambini, muuguzi, mchungaji, hata mwenyekiti wa soko. Pili, chuo kinachompokea kikubali kwa maandishi kwamba nakala ya majibu yote itabaki Juba, majina ya waliohojiwa yakiwa yamefichwa, na kwamba msomi wetu ataandikwa mwandishi, si msaidizi wa kutafsiri. Fomu za mwaka huu bado zinaweza kurekebishwa kabla hazijagongwa muhuri.