Si Kila Kovu Limepona

Katika vitabu vya biolojia na makala za afya, istilahi ya faibrosisi aghalabu hufasiriwa kwa neno moja tu: kovu. Tafsiri hii ni nyepesi ulimini, lakini imebeba nusu ya maana.

Asili ya istilahi hiyo ni neno la Kilatini fibra, yaani uzi au utembwe. Kiungo cha mwili kijeruhiwapo, seli zake hutoa nyuzi za protini iitwayo kolajeni ili kuziba pengo. Jeraha likikoma, kazi hiyo nayo hukoma. Lisipokoma, nyuzi huzidi kurundikana, zikatwaa mahali pa tishu hai, hata kiungo kikakakamaa. Mrundikano huo ndio faibrosisi.

Mswahili asemapo kovu, hukusudia alama iliyobaki baada ya kidonda kupona, jambo lililokwisha. Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa wa homa ya ini aina ya B aambiwapo kwamba ini lake lina makovu, naye asifafanuliwe zaidi, ana kila sababu ya kumshukuru Mungu na kurejea nyumbani, ilhali virusi vingali vinalijeruhi ini hilo. Madaktari huipima hali hiyo kwa daraja kuanzia 0 hadi 4, na la 4 ndilo sirosisi. Tena virusi vikidhibitiwa kwa dawa, nyuzi hizo zaweza kupungua. Tumaini hilo neno kovu hulificha, kwa kuwa sote twajua kovu halifutiki.

Kwa aliyetibiwa kifua kikuu mambo ni kinyume. Picha ya eksirei yaweza kuonyesha kovu mapafuni miaka mingi baada ya bakteria kufa. Hili ni kovu hasa, wala peke yake si ushahidi kwamba maradhi yamerudi, ijapokuwa laweza kumpunguzia mtu pumzi.

Wapo watakaotaka tuunde istilahi ya Kibantu badala ya kukopa. Sina ugomvi nao, ila istilahi isiyofafanuliwa haimfai msomaji, iwe ya Kibantu au ya Kilatini. Kovu na libaki kuwa jina la alama. Faibrosisi iwe jina la mwendo wa nyuzi kurundikana, na mwalimu aitajapo mara ya kwanza aueleze mwendo huo. Naye mtahini akiuliza maana yake, asimtunuku alama zote mwanafunzi aliyejibu "kovu" akaweka kalamu chini.