Hesabu ya Dawa Isiwe Siri ya Muuguzi Mgeni



Huku Kibenga, na katika mitaa mingine ya Bujumbura, muuguzi aweza kuajiriwa asubuhi na usiku huohuo akakabidhiwa wodi nzima. Huoneshwa kabati la dawa na daftari la zamu, basi. Hakuna amwulizaye kama ajua kupiga hesabu ya dawa. Mwajiri ameona cheti, kiwe cha A2 au cha A1, ametosheka. Maoni yangu ni kwamba kila muuguzi mpya apimwe hesabu hizo kabla ya kuachiwa sindano peke yake, na chama chetu kiwe cha kwanza kudai hivyo.

Najua neno hili halitawapendeza wote. Wapo wenzetu wasemao kuwa mtihani ni mtego, kwamba mwajiri atafuta sababu ya kumfukuza mtu kabla muda wake wa majaribio haujaisha. Hofu hiyo ina msingi, nami nitairudia. Lakini kwanza tuitazame kazi yenyewe.

Chukueni mtoto wa kilo 12 aliyeshikwa na malaria kali. Kwa watoto walio chini ya kilo 20, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza mwaka 2015 kwamba wapewe artesuneti miligramu 3 kwa kila kilo. Huyu basi apata miligramu 36. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Ukiuchanganya kwa kupiga kwenye mshipa, kila mililita yabeba miligramu 10, nawe utavuta mililita 3.6. Ukiuchanganya kwa kupiga kwenye msuli, kila mililita yabeba miligramu 20, nawe utavuta 1.8. Anayechanganya ya mshipa kisha akavuta kipimo cha msuli amempa mtoto nusu ya dawa, na malaria kali haingoji kesho. Tena mtoto akifika kilo 20, kanuni hubadilika kuwa miligramu 2.4 kwa kilo. Kwa hiyo mwenye kilo 19 apata miligramu 57, na mwenye kilo 20 apata 48. Asiyefundishwa jambo hili atadhani ni kosa la kalamu, naye atajaribu kulisahihisha!

Liko pia jambo la mkato na nukta. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa huandika 3,6. Dawa nyingi zatufikia na maandishi ya Kiingereza, yenye nukta. Amri ikiandikwa haraka usiku wa manane, mkato hufifia, na 3,6 husomeka 36.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni kazini niliagizwa kumpiga mtoto mchanga wa kilo 3 sindano ya jentamisini, miligramu 15. Ampuli ilikuwa na miligramu 80 katika mililita 2. Jibu ni mililita 0.375, yaani karibu 0.38. Nilikosea mahali pa nukta, nikapata 3.75. Nilikuwa nimekwisha maliza ampuli ya kwanza, nashika ya pili, mama mmoja muuguzi wa siku nyingi akaniuliza: "Mwanangu, kitoto kama hicho na ampuli mbili?" Nikaiweka chini. Jentamisini ikizidi huharibu figo na masikio. Mtoto yule aliponea katika swali la mama yule. Nami, kwa kuuogopea mshahara wangu, sikumwambia mkuu wa zamu. Kosa langu likafichika, na aliyeajiriwa baada yangu hakujifunza kitu.

Ndiyo maana nasema hesabu hizi zisiwe siri ya mtu mmoja. Tangu tarehe 1 Mei 2006, sikukuu yetu ya wafanyakazi, ilipotangazwa kuwa watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua watatibiwa bure, foleni za watoto ziliongezeka. Na ni watoto hasa ambao dawa zao hupimwa kwa kilo.

Mwaka 2017 WHO ilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, ikilenga kuyakata kwa nusu, katika miaka 5, yale makubwa yanayoweza kuepukwa. Katika vyanzo vya makosa ilitaja uchovu wa wafanyakazi, msongamano, uhaba wa watu na mafunzo duni. Waajiri nao wasome maneno hayo.

Kwa hiyo chama kikubali mtihani, lakini kwa masharti haya.

Kwanza, maswali yatokane na dawa za wodi ileile, wala si mafumbo. Kwa mfano: dripu ya mililita 500 iishe kwa saa 4, mpira wake ukitoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Jibu ni 42. Mashine ya kuhesabia iruhusiwe, ila mtu aseme kwanza anatazamia jibu la kadiri gani. Ningalifanya hivyo, nisingalishika ampuli ya pili.

Pili, atakayeshindwa afundishwe ndani ya saa za kazi zinazolipwa, kisha apimwe tena. Wakati huo afanye kazi ubavuni mwa mzoefu. Matokeo yasiwe sababu ya kumfukuza wala kumkata mshahara, na jambo hili liandikwe katika mapatano na mwajiri.

Tatu, mwajiri alete vifaa: mizani inayopima kweli, mabomba madogo ya mililita 1, na jedwali la kuchanganya dawa ukutani. Na dawa za watoto wachanga, insulini na potasiamu zihesabiwe na watu wawili, kila mmoja kwa karatasi yake. Hilo haliwezekani pale muuguzi mmoja anapoachiwa wodi usiku kucha.

Nne, sisi wazee wa kazi nasi tupimwe kila mwaka. Tukiwapima vijana peke yao, watasema tunawaonea, na watakuwa wamesema kweli. Atakayetoa habari ya kosa lake asiadhibiwe kwa kuitoa.

Wenzangu, tukikataa mtihani huu, mwajiri atauleta siku moja kwa masharti yake mwenyewe, baada ya mtoto kufa na muuguzi kijana kufungwa. Tukiudai sisi, tutamlinda mgonjwa na kulinda mkate wetu kwa pamoja. Wajumbe wa chama katika kila hospitali na zahanati waliweke jambo hili mezani katika mkutano ujao. Na usiku wa leo, ukimwona mgeni amesimama na ampuli mbili mkononi, usimcheke. Mwulize.