Ukitusiwa mtandaoni ukiwa kazini, nani anafaa kujibu?

Huu ushauri wa "nyamaza tu, watachoka wenyewe" mimi umenishinda. Hawachoki. Anayechoka ni yule dem ameajiriwa kukaa mbele ya kamera, anasoma upuzi kuhusu mwili wake asubuhi hadi jioni, na bado anatakiwa atabasamu.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kuuza simu laivu mtandaoni kwa duka moja hapa Nairobi, sitalitaja. Unainua simu, unasema bei, unasoma komenti kwa sauti. Dakika tano haziishi kabla mtu aulize, "Na wewe unauzwa ngapi?" Wengine walieleza kabisa vile wangenifanya. Bosi alikuwa anaona yote kwa simu yake. "Wateja ndio hao, wewe cheka tu." Kila komenti ilikuwa inasukuma video mbele, sasa angekasirika kwa nini? Mimi natukanwa, yeye anapata matangazo ya bure.

Ndio maana nasema mfanyakazi akiambiwa anyamaze, mara nyingi anayelindwa ni biashara.

Si ati umjibu kila mtu. Nani ako na hiyo nguvu? Mimi naona ujibu mara moja, hadharani, maneno machache, bila kumrudishia matusi: "Hapa tunauza simu. Rudia hayo tukutoe." Basi. Halafu piga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na ujumbe wenyewe, kisha ndio umblok. Wengi huanza na kublok, baadaye wanatafuta ushahidi hawauoni. Na hilo jibu si la huyo jamaa, yeye hatabadilika. Ni la wale mia mbili wanaotazama kimya, wakiwemo wasichana wanaojiuliza kama hii ndio kawaida ya kazi.

Jibu la pili si lako. Ni la mwajiri, kwa jina la kampuni.

Hapa ndipo mambo huharibika. Julai 2018 kule Marekani, Jessica Price, mwandishi katika kampuni ya michezo ya kompyuta ya ArenaNet, alikuwa ameeleza kazi yake kwa Twitter. Mwanaume mmoja mwenye chaneli ya michezo akampinga, kwa adabu lakini. Price akaona ni yale yale ya mwanaume kumfundisha mwanamke kazi yake, akamjibu kwa ukali. Wachezaji wakawaka. Haikuisha hata wiki, Price akafutwa, pamoja na Peter Fries, mwenzake aliyemtetea. Mimi naona huyo mwanaume hakumtusi, na kupingwa si kutusiwa. Mteja akisema simu uliyomuuzia ni mbovu, mjibu kama mteja hata kama amekasirika. Lakini mtu akichoka na wanaume mia, wa mia na moja atachomwa hata kama hana kosa. Halafu kumfuta aliyemtetea? Hapo kila mfanyakazi alipata ujumbe: mwenzako akivamiwa, angalia kando.

Huku kwetu sheria zipo. Ile ya uhalifu wa kompyuta na mitandao ya 2018, kifungu cha 27, inasema ukipatikana na hatia ya kumsumbua mtu mtandaoni unaweza kupigwa faini hadi shilingi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Ya ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kijinsia. Shida ni kwamba ukisoma hicho kifungu, wanaotajwa kama wanyanyasaji ni mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenzako. Jamaa wa komenti hayuko. Na duka la watu wanne haliguswi na hiyo sharti ya sera.

Utasikia, "Sisi ni biashara ndogo, hatuna wakili." Wakili wa nini sasa? Andika kwa grupu ya kazi ya WhatsApp: mtu akimtusi mfanyakazi wetu, anaonywa mara moja na kutolewa, mwenye duka ndiye anaweka posti, na anayesimamia laivu ana ruhusa ya kuizima bila kukatwa mshahara. Hiyo ya mwisho msiisahau. Na nyinyi maboi wa kazini, ile "pole" ya inbox tunashukuru, lakini iandikeni pale pale matusi yalipo, watu waone.

Kama kazini kwenu mna kitu kama hicho kimeandikwa, nitumieni nione maneno yake. Wiki hii naandikia msichana anayeuza viatu laivu hapo Eastleigh, na bosi wake amekubali kukisoma.